Gramu Arobaini na Mbili

Mwezi wa pili, jaani Amerati,
tulimnasa kwa wavu na matumbo ya mbuzi:
tumbusi jike, uso kama umepakwa binzari,
akanikodolea macho mithili ya mama mkwe
aliyekuta sufuria halijaoshwa.
Muhanna alimbana mbawa, mimi nikafunga mikanda,
kifuani, mgongoni, sindano, uzi, mkasi.
Kila ndege huruka kwa ubawa wake;
huyu tulimwongezea gramu arobaini na mbili,
kioo cha kunywa jua, na namba, kumi na saba.
Alipoachiwa alinitapikia kiatuni.
Nikasema, haya, tumeshajuana.

Tangu siku hiyo akawa ananisomesha mji.
Mimi mzaliwa wa Ruwi, katika nyumba
ambamo Kiarabu huvuliwa mlangoni pamoja na viatu,
nilidhani Maskati naijua.
Yeye akanichorea kwa nukta nyekundu:
hapa, nyuma ya kiwanda cha saruji,
hewa hupanda saa nne na robo asubuhi
ikambeba bila yeye kupiga ubawa hata mmoja;
hapa pana nguzo mpya za umeme, anazizunguka kwa mbali;
hapa, siku tatu baada ya Idi, hakubanduka jaani.
Tunachokitupa nacho kina kalenda yake.

(Nyumbani wananiuliza: shahada zote zile, Zuwena,
kumfuata mla mizoga?)

Tarehe tisa mwezi wa nne nukta ikasimama
kwenye jabali moja nyuma ya Quriyat.
Siku moja. Siku nne. Mwendo: sifuri.
Muhanna akaandaa gunia na glavu.
Lakini joto lilinikatalia.
Saa tisa ya usiku, mlimani nyuzi ishirini na moja,
kifaa kinasema thelathini na nane.
Maiti hana homa.
"Kimeharibika," Muhanna akasema, naye ndiye aliyekinunua.

Tulipanda hadi magoti yakalalamika.
Darubini ikaingia pangoni kabla yetu:
sufi ya ngamia, soksi ya mtoto, utepe wa kaseti,
na uzi wetu wa pamba, ulioshonwa udumu miaka mitatu,
umekatika kwa wiki nane.
Juu ya kifaa, kama mtu na mkeka wake,
kinda mmoja, kijivu, shingo haijajua kazi.
Mama akaja na kitu kirefu mdomoni.
Mgongo mtupu. Hakututazama.

Kamba tulikuwa nayo.
Kifaa kile ni riyali mia sita.
Muhanna akaitazama kamba, akanitazama mimi,
akafungua chupa ya chai.

Wiki tano nilisoma joto la mtu asiyenijua.
Jua liliingia pango lile dakika arobaini tu asubuhi,
la kutosha ujumbe mmoja kwa siku:
thelathini na nane nukta mbili. Nukta tisa.
Siku ya vumbi, arobaini na moja, na mimi chakula hakikupita.
Betri kumi na tisa, kumi na moja, nne.
Kinda ananenepa, anakikalia kioo, anaziba jua,
na kadiri alivyokua
ndivyo nilivyopungukiwa na habari zake.

Kisha kimya.

Fomu ya ofisi inauliza sababu ya kukatika mawimbi:
kifo, hitilafu, wizi. Weka alama moja.
Fomu bado iko kwenye droo.

Leo niko tena Amerati, wavu begani.
Wapo mia tatu juu ya taka za jana,
wote binzari usoni, wote hawana namba.
Mmoja ana manyoya yaliyolala upande mgongoni,
au ni upepo.
Ananisogelea hatua mbili, kwa ule mwendo wao wa madeni.

Nimevaa viatu vya zamani.